Haijalipiwa

Mtaa mzima ulimwita Kianzio, na mwenyewe hakuwahi kulikataa jina hilo, maana lilimpunguzia maneno. Mtu akija studio kuulizia picha za harusi, huko alikotoka ameshaambiwa kwamba yule bwana hafungui hata mkoba wa kamera kabla hajaishika nusu ya hela. Nusu kabla ya kazi, nusu iliyobaki kabla picha hazijavuka kizingiti. Hakuna cha ndugu, hakuna cha jirani, hakuna cha "mimi si unanifahamu". Waliomfahamu ndio waliokuja na hela mkononi.

Msimhukumu mapema. Miaka ya mwanzo alikuwa mlaini kama wapiga picha wengine: anapiga, anasafisha, anapeleka albamu mpaka mlangoni kwa mteja, halafu ndipo anaanza kudai. Na kudai hela ya picha ambayo mtu ameshaitundika ukutani kwake ni kazi ya kujitafutia presha. Kuna bwana harusi mmoja, mkandarasi wa barabara, aliyempiga danadana mpaka ndoa yenyewe ikavunjika deni likiwa palepale. Kianzio alipokwenda kwa mume, akaambiwa picha alizitaka mke. Alipokwenda kwa mke, akaambiwa asimtajie tena picha zile, ameshazichoma moto. Mtaa ulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka, kwa kuwa wiki ileile mwenye nyumba alipiga kufuli lake juu ya kufuli la chumba chao, na watoto wake pacha wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, mabegi mgongoni. Mkewe, Mama Pacha, aliuza kitanda. Walilala chini muda mrefu, na huko chini ndiko alikoapa kwamba picha yake haitatoka tena bila hela.

Kati ya kupiga picha na kukabidhi palikuwa na sampuli, picha ndogo anayomtumia mteja kwenye simu ili aone kazi na apate hamu ya kumalizia. Hapo napo walimsumbua. Mwanzoni aliandika pembeni jina la studio. Watu wakaibandika sampuli kila mahali, hawakurudi, na akiwauliza wakamwambia wanamtangazia biashara. Akaondoa jina, akaandika chini ya picha neno HAIJALIPIWA. Wakakata sehemu ya chini. Akalipandisha juu kwenye paji la uso, wakakata juu. Watu wana mikono miepesi kwenye kukata, mizito kwenye kulipa. Mwishowe akaliweka katikati, sikio hadi sikio, kwa herufi nene nyeusi, likapita juu ya mdomo. Hapo ndipo hela zilipoanza kuingia. Mtu anaweza kuvumilia kudaiwa, lakini aonekane anadaiwa na neno lenyewe limemkaa mdomoni, hapo atakimbilia kulipa.

Mama Pacha hakulipenda. Alisema limekaa kama plasta, mumewe anawaziba watu midomo. Kianzio alimjibu kwamba wakilipa watafunguliwa, na chakula walichokuwa wanakula wakati wanabishana kilitokana na plasta hiyohiyo. Mama Pacha akaendelea kula, maana ilikuwa kweli.

Jambo la mwisho la kujua kuhusu kazi yake ni kompyuta. Aliinunua ikiwa imeshachoka kwa wenzake, na nafasi yake ilikuwa finyu. Picha za waliolipa alizihamishia kwenye diski na kuzifungia kabatini. Za wasiolipa zilibaki kwenye kompyuta zikingoja wenyewe, na zikikaa mno alituma ujumbe wa kuonya, kisha akazifuta. Ndivyo alivyofanya kazi, na kila mteja aliambiwa tangu siku ya kwanza.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi, alikaa fundi cherehani, mwanamke mtu mzima asiye na maneno mengi. Miaka yote hiyo walitazamana, yeye mlangoni, fundi kwenye mashine. Fundi ndiye aliyepinda pindo la kile kitambaa cha buluu kinachoning'inia studio nyuma ya wateja, ndiye aliyemfupishia Kianzio suruali. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti ambaye mtaa ulimwita Kicheko. Binti huyo alikulia chini ya mashine ya mama yake, kazi yake kukata nyuzi, na kwa uvivu wa kutafuta mkasi akawa anazikata kwa meno, mpaka jino moja la mbele likameguka pembeni. Mama yake alimgombeza sana kwa jino lile. Ila Kicheko alipocheka, jicho la mtu lilikwenda pale kwanza, na mtu akajikuta naye anacheka.

Kicheko alipomaliza mafunzo ya uuguzi, mama yake alimshonea sare nyeupe kwa mkono wake na kumvusha barabara akapigwe picha. Akatoa nusu ya hela, noti zilizokunjwa zikakunjuliwa moja moja juu ya meza. Kianzio alimsimamisha binti mbele ya kitambaa cha buluu, akamwambia atulize uso, awe kama muuguzi. Alijaribu. Halafu mwavuli wa taa ukateleza kwenye mguu wake, ukamtua Kianzio kichwani, na Kicheko akacheka kwa kinywa chote. Kianzio hakuwa mjinga wa kazi yake; kidole kilibonyeza hapohapo. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera, yeye mwenyewe aliisogeza karibu na macho. Alijua hakuwahi kupiga nyingine ya kuifikia.

Jioni alimtumia fundi sampuli, na fundi kwa furaha akaituma palepale kwa kaka yake anayeishi mbali, neno juu ya mdomo na yote. Akaahidi kumalizia mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi haukuja na hela. Ulikuja na homa ya Kicheko, homa ikaja na vipimo, vipimo vikaja na vipimo vingine. Fundi aliuza simu yake kubwa, picha zote za nyuma zikaondoka nayo, akabaki na simu ndogo ya vitufe. Siku moja alivuka barabara, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye gauni.

"Baba Pacha, naomba ile moja tu," alisema. "Mwenyewe anataka aione kubwa, aiweke pale kitandani. Iliyobaki nitakuletea."

Niseme ukweli, wateja wa Kianzio walikuwa watu wa kuugua mno. Mwezi ule peke yake, mmoja alikuwa amelazwa akaonekana sokoni, mwingine alimzika shangazi ambaye baadaye alikuja studio mwenyewe kupiga picha ya pasipoti. Kodi ilikuwa imefika. Tena Kianzio alimwona fundi kila siku ng'ambo pale, ameinama, mguu unakanyaga mashine kuanzia asubuhi, akawaza kwamba mtu mwenye mgonjwa wa kweli hakai kushona namna ile. Hakufikiri kwamba alikuwa anashona namna ile kwa sababu ya mgonjwa.

"Fundi," alimwambia kwa upole kabisa, "wewe nguo ya mtu unaitoa kabla hajamaliza kulipa?"

Fundi alifikiri, maana alikuwa mtu wa kweli.

"Siitoi," alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Kianzio alilifurahia jibu lile. Alimsimulia Mama Pacha wakati wa chakula, kwamba huyo ndiye mtu anayeelewa biashara. Mama Pacha alimuuliza kama ameshakwenda kumwona mtoto. Hakuwa amekwenda. Hakujua hata nyumbani kwa fundi ni wapi.

Muda wa picha ukapita. Alituma ujumbe wa kuonya kama anavyowatumia wote, na fundi akajibu: sawa baba, nikipata nitakuja. Kianzio alingoja kupita kawaida yake, na moyoni alijiona mwema. Kisha ikaja harusi ya mwana wa mfanyabiashara wa mbao, mtu aliyelipa zote kwa mkupuo, na kompyuta ikagoma kupokea picha za harusi, imejaa. Kianzio akapitia za wasiolipa. Alipofika kwa Kicheko alisita, akaitazama, akakumbuka mwavuli. Akajiambia kwamba akianza kuchagua huyu na yule, atarudi kulala chini. Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, akaiambia anao. Kadi ya kamera ilikuwa imeshatumika kwingine zamani.

Baada ya hapo baraza la ng'ambo likawa tupu siku kadhaa. Akadhani fundi amefuata vitambaa.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mwanamume asiyemjua, sauti nzito, aliyetaka mpiga picha wa msiba kwa dada yake. Hakubishana bei. Alituma hela yote kabla simu haijapoa, na Kianzio akampenda mtu huyo bila kumwona. Akafuata maelekezo, akapita nyuma ya soko, akakata kona ya kisima, akaingia kwenye uwanja mdogo uliofungwa turubai. Kitu cha kwanza alichokiona ni mashine ya kushonea, imesogezwa ukutani na kufunikwa shuka. Aliijua mashine ile kuliko alivyojua nyumba ile.

Jeneza lilikuwa ndani. Kando yake, juu ya stuli, palikuwa na picha. Mjomba wa marehemu alikuwa ameitoa kwenye simu yake na kwenda kuikuza dukani, na kwa kuwa ilikuwa ndogo, uso ulikuwa umepasuka chengachenga, macho hayakuwa macho, sare imekuwa ukungu. Neno ndilo lililotoka safi. HAIJALIPIWA, sikio hadi sikio, herufi nene nyeusi unazoweza kuzisoma ukiwa mlangoni. Mtu alikuwa amejaribu kulifunika kwa utepe mweupe, lakini kila aliyepita karibu aliupeperusha, na mtoto mmoja wa shule aliyekuwa anajifunza kusoma alilisoma kwa sauti mpaka mama yake akamvuta mkono.

Mjomba alimfuata Kianzio, akamnong'oneza akimwonyesha stuli.

"Wewe ndiye mtaalamu. Hili neno linatolewaje? Tumehangaika nalo tangu jana."

"Ni kazi," alisema Kianzio.

"Nani anamwandikia mtu kitu kama hiki?" aliuliza mjomba, wala hakungoja jibu, akaenda kupokea wageni.

Kianzio akafanya kazi aliyolipiwa. Kila alipoinua kamera, neno liliingia. Akipiga jeneza, limo. Akipiga shangazi wanalia, limo nyuma ya mabega yao. Alisogea pembeni, akachuchumaa, akapanda juu ya kiti, akafanya vituko vyote vya fani yake, na bado likamkuta. Alipomfikia fundi na lenzi, fundi aliinua macho, akamwona, akamwitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia kila asubuhi ng'ambo ya barabara. Kianzio angetukanwa mbele ya watu wote angepumua.

Alirudi nyumbani, akamweleza Mama Pacha yote bila kupunguza. Mama Pacha akawavuta pacha wote wawili karibu yake, ingawa walishakuwa wakubwa wa kuona aibu.

Akaibeba kompyuta kwa fundi wa kompyuta, akamwambia afukue alichofuta, kwa bei yoyote atakayotaja. Yule fundi alifukua. Akapata kofia ya muuguzi na paji la uso, safi kabisa, unaona hadi nywele zilizochomoza pembeni. Kuanzia kwenye nyusi kushuka chini palikuwa pa kijivu kitupu, pamefunikwa na harusi ya mwana wa mfanyabiashara wa mbao.

Basi akajifungia na sampuli iliyobaki kwenye simu yake. Alifuta herufi moja baada ya nyingine, akajaza mashavu, akashona ngozi na ngozi. Kazi ile aliijua. Ila alipofika mdomoni hakukuwa na kitu cha kujazia, maana chini ya neno palikuwa na neno tu. Alijaribu kuchora meno akashindwa. Yalitoka kama ya sanamu ya dukani. Mwishowe akafungua picha za ile harusi, akamtafuta bibi harusi alipocheka, akachukua mdomo wake, akaupunguza, akaupaka rangi, akaubandika. Ukakaa vizuri. Alitazama mara nyingi, akajiambia mtu hawezi kujua. Akaichapa kwa karatasi bora, akainunulia fremu, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake akavuka barabara kupeleka picha ambayo haijalipiwa.

Fundi alikuwa amesharudi barazani, kwa sababu hospitali bado ilimdai. Alimkaribisha stuli, ile aliyokuwa anakalia Kicheko. Kianzio akabaki amesimama. Fundi akajifuta mikono kwenye kanga, akaipokea fremu, akaiweka juu ya meza ya mashine na kuitazama. Uso wake ulianza kufunguka, kisha ukasimama.

"Meno ya nani haya?" aliuliza.

Kianzio alikuwa amejiandaa kwa shukrani, na kwa machozi alikuwa amejiandaa pia.

"Ya mteja, mama," alisema. Miaka yote alikuwa akimwita fundi.

"Lake lilimeguka hapa." Fundi aliweka ncha ya kidole juu ya kioo. "Uzi."

"Najua, mama."

"Ile yenyewe ipo?"

"Niliifuta."

Fundi alimuuliza lini, naye akamwambia, ilikuwa wiki ya harusi ya mwana wa mwenye mbao. Fundi akatazama barabara, anahesabu kimoyomoyo, na Kianzio alimwona anavyofika kwenye jibu.

"Alikuwa hai," fundi alisema. "Alikuwa bado anaiulizia."

Akamrudishia fremu, taratibu, kama anavyorudisha nguo iliyokosewa vipimo. Kisha akavuta droo ndogo ya mashine, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akafungua, zilikuwemo noti. Kianzio akaficha mikono nyuma. Alisema hapana, akasema tena, akasema yeye ndiye anayetakiwa kurudisha ile nusu ya kwanza, akaomba kabisa. Maisha yake yote alikuwa akilia kwamba watu wanamdhulumu, na sasa palikuwa na hela moja tu duniani aliyotamani kudhulumiwa.

"Chukua, Baba Pacha," fundi alisema. "Sitaki aonekane aliondoka anadaiwa. Hiyo ndiyo nusu iliyobaki, ihesabu."

Alizipokea. Hakuhesabu, na fundi akamwambia ahesabu, akahesabu pale pale barazani, watu wakipita. Zilitimia.

Kesho yake asubuhi, Kianzio alipofungua mlango, ile picha aliyoikuza mjomba ilikuwa imetundikwa ng'ambo juu ya mashine, kwa msumari wa duka la vifaa vya ujenzi. Uso ni chengachenga, neno ni safi, na vyote vinatazama mlango wake. Alivumilia wiki, kisha akamtuma Mama Pacha akamwombe fundi aisogeze japo upande wa pili wa nguzo. Mama Pacha alikwenda, akakaa huko muda mrefu kuliko ombi lenyewe, akarudi macho mekundu. Alisema fundi hana ugomvi na mtu. Ameitundika pale kwa sababu ndipo mtoto alipokuwa anakaa, na hana picha nyingine.

Kazi studio iliendelea, kodi haisubiri mtu kumaliza majuto. Wateja walikuja na nusu zao. Kianzio alizichukua, na bado hakufungua mkoba kabla hajazishika. Neno alilishusha chini ya picha, na watu wakaanza tena kulikata.

Siku moja mwanamke mgeni wa mtaa alileta gauni kupunguzwa kiuno, na wakati anangoja akainua macho akasoma. Akauliza, kwa nia njema tu, ni deni gani hilo ambalo mwenyewe hajalipwa mpaka leo. Kianzio alikuwa mlangoni kwake, na barabara ile ni nyembamba, kila kitu kinasikika.

Fundi aliinama, akakata uzi kwa meno.

"Nimeshalipa," alisema. "Maandishi ndiyo hayatoki."